Shada la Khedive Ismail Litupwe Kilindini

Kila Desemba 7 wanajeshi wa Marekani hukusanyika Pearl Harbor kuwaenzi wenzao waliouawa na ndege za Japani mwaka 1941. Manowari ikipita penye mabaki ya Arizona, meli ya kivita iliyozamishwa siku ile, mabaharia hujipanga kandokando ya sitaha na kupiga saluti. Watu 1,177 walikufa katika meli ile moja. Ninachokipenda ni kwamba heshima hutolewa majini, pale pale walipofia.

Nasi tunayo Februari 12. Mwaka 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa imejaa askari, wakiwamo wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Karibu na Maldives nyambizi ya Japani, I-27, ikaipiga torpedo mbili. Haikumaliza hata dakika tatu juu ya maji. Waliokuwa ndani kabisa wangetokea wapi? Walikufa watu 1,297.

Balaa halikuishia hapo. Nyambizi ilijificha chini ya manusura waliokuwa wakielea. Manowari za Uingereza zilizousindikiza msafara wa meli hiyo na nyingine, Petard na Paladin, zikatupa mabomu ya kulipukia chini ya maji katikati ya watu wao wenyewe. I-27 ilizamishwa siku hiyo hiyo. Makamanda walihofia meli nyingine za msafara. Hesabu yao naielewa, ila sikubali ipitwe kimyakimya.

Majina ya wapiga mizinga yamo kwenye mnara wa makaburi ya vita, Nairobi, na kila Novemba mashada huwekwa pale. Vizuri. Lakini Novemba 11 ni tarehe ya Ulaya, siku Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokoma huko. Hata mwaka 1918 huku kwetu Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani Afrika Mashariki, alikuwa bado vitani. Alisalimu amri Novemba 25.

Wapo watakaosema vile vilikuwa vita vya Mwingereza. Ni kweli, lakini waliozama ni babu zetu, na hakuna aliyeletwa nyumbani kuzikwa.

Jeshi la wanamaji la Kenya lina kambi Mtongwe, hapo hapo Kilindini, bandari ya Mombasa. Februari 12 chombo kimoja kitoke nje ya mlango wa bandari, shada litupwe, askari kijana asome majina na aeleze pia habari ya yale mabomu. Mafuta ya boti kwa asubuhi moja hayawezi kuishinda bajeti ya ulinzi.