Kutoboa DPF au kuiacha: hesabu ya gari la dizeli Malindi

Mwezi uliopita nilikuwa katika gereji moja hapa Malindi fundi akiipasua DPF, yaani chujio la masizi ya ekzosi, ya gari dogo la dizeli kwa grainda. Ganda la chuma lilipofunguka, ndani mlikuwa na kitu mfano wa sega la nyuki, la kauri, vitundu vyake vimejaa masizi laini kama wanja. Akakigonga kwa nyundo, vipande vikaanguka chini, kisha akalichomelea lile ganda tupu na kulirudisha chini ya gari. Taa ya onyo ikazimwa kwa kompyuta. Mwenye gari, aliyekuwa amehangaika na taa hiyo kwa miezi, alilipa na kuondoka akishukuru. Vumbi jeusi lilibaki sakafuni, na mtoto wa fundi akalikanyaga akipita pekupeku.

"Mwalimu, na lako lilete," fundi akaniambia. "Hiki kidude si cha huku."

Kauli hiyo naisikia kila gereji niingiayo, na nataka kuipima kwa haki, kwa sababu ina ukweli ndani yake na ina kosa kubwa pia.

Moshi wa dizeli hubeba masizi, mengine madogo kiasi kwamba hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. DPF ni chujio lililo kwenye njia ya ekzosi. Vijia vyake vimezibwa kwa zamu, kimoja mbele, jirani yake nyuma, hivyo moshi hauna budi kupenya kuta na kuacha masizi hapo. Ikiwa nzima hunasa zaidi ya asilimia 90 ya chembe hizo. Peugeot 607 ilitoka nayo mwaka 2000, na kanuni za moshi wa magari ziitwazo Euro 5, zilizoanza Ulaya mwaka 2009, zikaifanya kuwa kitu cha kawaida kwenye magari ya dizeli.

Chujio likijaa, dawa yake ni moto. Gari likienda kasi ya barabara kuu kwa muda wa kutosha, ekzosi hupata joto na masizi huungua taratibu. Hilo lisipopatikana, kompyuta huamuru dizeli ya ziada imwagwe ili joto lifike karibu nyuzi 600 za sentigredi. Kazi hiyo huchukua dakika 15 au 20 hivi. Dereva mwenye sikio ataijua: gari likisimama mngurumo uko juu kidogo kuliko kawaida, feni inavuma hata baada ya kuzima, na chini kunatoka harufu ya chuma cha moto. Ukisikia hivyo usiegeshe juu ya nyasi kavu wala karibu na banda la makuti.

Sasa tazama gari linavyoishi hapa mjini. Asubuhi Barani hadi mjini, dakika kumi, katikati ya bodaboda, tuktuk na matuta. Mchana sokoni. Jioni Shella, kisha nyumbani. Injini haijapata moto sawasawa imeshazimwa. Kila chujio likianza kujisafisha, dereva ameshafika na kuchomoa ufunguo. Ile dizeli ya ziada haiungui yote; nyingine huteremka na kuchanganyika na oili. Ndiyo maana baadhi ya Mazda za dizeli zina alama ya X juu kwenye kijiti cha kupimia oili: kiwango kikifika hapo, oili ibadilishwe. Nimewaona watu wakichomoa kijiti, wakakuta oili imepanda, wakafurahi kwamba injini yao hainywi oili. Wanachokiangalia ni oili iliyokwisha nguvu kwa kuchanganyika na dizeli, na tabo (turbo) na beringi ndizo zitakazoumia kwanza.

Zaidi ya hayo, gari la mtumba kutoka Japani huonya kwa Kijapani. Jirani yangu aliendesha wiki tatu na maandishi ya manjano mbele ya macho yake akidhani ni ukumbusho wa sevisi. Nguvu zilipokatika akipanda mlima mdogo, chujio lilikuwa limeshashindiliwa. Na oili aliyowekewa ilikuwa ya lori, yenye majivu mengi, badala ya ile ya majivu kidogo iliyoandikwa C3 au DL-1 kwenye galoni. Masizi huungua, lakini majivu ya oili hayaungui. Hubaki mle ndani hadi chujio litolewe na kusafishwa.

Kuna wasemao mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwamba aliyenunua dizeli kwa safari za sokoni ajilaumu mwenyewe. Siwaungi mkono. Muuzaji alimwonyesha viti vya ngozi na kamera ya nyuma, akamsifia ulaji mdogo wa mafuta. Neno DPF halikutajwa.

Kwa hiyo wanaotoboa, yaani wanaotoa kauri na kurudisha ganda tupu, wana hoja, na si watu wabaya. Chujio jipya ni ghali mno kwa mtu wa mshahara wa kawaida, na la mtumba huenda likawa limeziba kama la kwake. Gari ni la kumpeleka mgonjwa hospitali usiku, haliwezi kulala gereji likisubiri pesa. Kisha kuna hoja ya haki, ambayo mimi naiona nzito kuliko zote. Simama kando ya barabara malori ya chumvi yanapopita kutoka Gongoni na Marereni, utaona wingu jeusi likitoka kwenye lori ambalo halijawahi kuwa na chujio tangu lizaliwe. Mwenye gari dogo anauliza kwa nini yeye ndiye alipie hewa safi ya mji mzima, na swali lake halijapata jibu. Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka 2014 zipo, lakini sijawahi kuona gari likisimamishwa Malindi lipimwe moshi.

Hoja ya mafuta machafu, kwa upande mwingine, imepitwa na wakati. Tangu mwaka 2015 dizeli ya Kenya hairuhusiwi kuzidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Kabla ya hapo ilikuwa 500. Ulaya ni 10, kwa hiyo bado tuko nyuma, lakini kwa 50 chujio linaweza kuishi. Anayesema dizeli yetu ndiyo iliyomuua DPF wake aangalie kwanza safari zake na oili yake.

Hoja ya upepo ndiyo inayonitia uchungu. "Sisi watu wa pwani, moshi hauketi," huambiwa. Kusi na kaskazi kweli huvuma, lakini havifiki kwenye kichochoro cha soko saa moja asubuhi, magari yamebanana na injini zinanguruma. Na sisi abiria wengi tunapanda tuktuk. Tuktuk haina kioo cha kupandisha. Mtoto wa shule anakaa humo, pua yake karibu sawa na mdomo wa ekzosi ya gari lililo mbele. Juni 2012, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Aliyetoboa amepunguza gharama yake, na sehemu ya gharama hiyo sasa anaibeba mtoto yule. Malori kutoa moshi hakumpunguzii mtoto chochote, kunamwongezea.

Kuna jambo jingine ambalo gereji nyingi zinaliruka. Chujio lililoziba mara nyingi ni mjumbe, na mjumbe hauawi. La kwangu liliwasha taa mara mbili katika mwezi mmoja. Fundi wa kwanza alitaka kutoboa. Wa pili alipima joto la injini akakuta themostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza hadi injini ipate moto, imekwama wazi, injini haifiki joto lake kamwe, na kompyuta ilikuwa ikisubiri joto hilo ndipo ianze kuchoma masizi. Themostati mpya haikukaribia hata kidogo bei ya chujio. Tukabadilisha oili, tukatoka kuelekea Kilifi, kilomita kama 60, bila kusimama ila kwenye matuta. Taa ilizimika kabla hatujafika. Lau ningetoboa, injini ingeendelea kukimbia baridi na kuchafuka, na nisingejua. Injekta ya kunyunyiza dizeli inayovuja huonekana kwa njia hiyohiyo, na tabo inayopitisha oili vilevile.

Msimamo wangu basi ni kwamba swali la kutoboa huulizwa likiwa limechelewa. Mahali pake ni kabla ya kununua. Anayepeleka wageni Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, au anayekwenda Mombasa kila wiki, achukue dizeli yenye DPF bila hofu, barabara itamsafishia. Mwenye safari za Barani na sokoni anunue petroli, hata kama itakunywa zaidi. Na kaunti ikitaka kuanza kupima moshi ianzie kwenye malori, ili mwenye gari dogo asione anaonewa.

Juzi mwalimu mwenzangu alikuja na picha ya gari la dizeli, linang'aa, bei nzuri. Nikamuuliza anakwenda kilomita ngapi kwa siku. Akahesabu kwa vidole: sita. Siku ya pili akaniletea picha nyingine, ya gari la petroli.

Langu nalo lina siku zake. Majivu yanaongezeka kila kilomita, na hayo safari ya Kilifi haiyaondoi. Itabidi chujio lishushwe likasafishwe kwa joto la tanuri na hewa ya kusukuma, si kwa mpira wa kuoshea magari unaovunja kauri. Nimeshaanza kuweka akiba, kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi.