Ukaa Ni Chakula cha Mimea? Iulizeni Klova

Kuna kauli inayonichosha masikio: "Hewa ya ukaa ni chakula cha mimea, sasa mnalalamikia nini?" Anayeisema hadanganyi. Jani hupika sukari kwa ukaa, maji na jua, na leo hewani kuna zaidi ya sehemu 420 za ukaa katika kila milioni. Kabla ya enzi za viwanda zilikuwa kama 280. Ila mmea hauishi kwa sukari tupu; unahitaji naitrojeni pia.

Huko Eschikon, karibu na Zurich nchini Uswisi, watafiti walizungushia viwanja vya malisho mabomba, bila paa wala kioo, wakapuliza ukaa hadi sehemu 600 hivi. Walianza 1993, wakaenda na jaribio hilo miaka kumi. Walipanda nyasi za rai na klova nyeupe, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, kila moja peke yake na viwanja vingine zikiwa zimechanganywa. Miaka ya mwanzo klova iliongeza mavuno kwa asilimia 20 hivi, mbolea iwe nyingi au haba. Nyasi zilizopewa naitrojeni kidogo ziliambulia kiduchu. Zilizoshibishwa ndizo zilizochangamka: asilimia 7 mwaka 1993, asilimia 32 mwaka 2002.

Kushibishwa kwenyewe ni kilo 560 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Kwa bei ya urea ilivyo, nani anamwagia majani ya ng'ombe mbolea yote hiyo?

Siri ya klova iko chini. Ing'oe taratibu, suuza mizizi, utaona vinundu vidogo vimening'inia. Pasua kimoja kwa ukucha: ndani kina wekundu wa nyama mbichi. Humo wanaishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, na ujira wao ni sukari. Ukaa ukiongezeka, sukari inaongezeka, na vibarua wanalipwa. Nyasi hazina vibarua hao. Zinangoja udongo utoe, na udongo hautoi haraka. Ndiyo maana hata pale zinaporefuka, naitrojeni ndani ya majani hupungua, na protini pamoja nayo. Ng'ombe anajaza tumbo, ndoo ya maziwa haijai.

Nepia yetu, majani marefu ya ng'ombe, ni habari nyingine. Nyasi za aina hiyo zina mtambo wao wa kukusanya ukaa ndani ya jani, hivyo nyongeza ya hewani huzisaidia zaidi kubana maji. Ndivyo vitabu vilivyosema, mpaka jaribio kama hilo la Cedar Creek kule Minnesota, Marekani, lililoanza 1998, likawachanganya watu: miaka 12 ya kwanza nyasi za kundi la rai ndizo zilizonufaika, kisha mambo yakageuka na za kundi la nepia zikaongoza. Anayetoa hukumu kwa msimu mmoja angengoja kidogo.

Mimi mvua hizi napanda desmodiamu, jamaa wa klova, katikati ya mistari ya nepia. Nayo ina vinundu. Mbegu zake ni ghali, na ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya umezipoteza.