"Noise" haitoshi, ndugu zangu

Mimi natafsiri Kiingereza karibu kila siku hapa Goma, na kuna neno linaniumiza sana, "noise". Kijana anasoma Kiingereza mwaka mzima, muulize mlango ukibamizwa na upepo atasema noise, soko la Virunga noise, radi noise, grupu (jenereta) ya jirani usiku noise, juu dikshoneri imemwambia ni kelele basi kila kitu kinakuwa kelele.

Hili jambo silichukulii juujuu. Mwezi wa 5 mwaka 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ilitapika tarehe 22 jioni, halafu siku zilizofuata ardhi ikawa inatetemeka usiku na mchana. Nilikuwa naandikia shirika moja raporo, nikaweka kwamba saa tisa ya usiku watu wa kartie (mtaa) wamesikia "a loud noise" na hawakulala tena. Mkubwa aliyekuwa mbali akajibu, je mmewaomba majirani wapunguze muziki? Nimekaa na simu mkononi, sahani kwenye kabati zinagongana, na chini ya sakafu kuna sauti nzito inapita kama lori la mawe lisilofika. Ile ndiyo "rumble", na ningeliandika hilo neno moja yule mtu angejua kwamba tunaogopa. Tarehe 27 tukaambiwa tuhame, kartie 10 kati ya 18 za mji, wengi tukashika njia ya Sake.

"Bang" ni fupi na kavu, inapiga mara moja imekwisha. "Boom" ni nzito, inaacha mvumo nyuma yake. Watoto wa Goma wanajua hiyo tofauti kwa masikio kabla ya kujua kusoma, na inaniuma kwamba wanaijua, lakini wanaijua. "Crash" lazima kitu kianguke au kigongane. "Din" ni kelele isiyokatika mpaka kichwa kinauma, na "racket" ni karibu ile ile ila anayesema amekasirika, analalamika.

Halafu "uproar". Wengi wanafikiri imetoka kwa "roar", ngurumo ya simba, kumbe imetoka Kiholanzi, "oproer", maana yake uasi. Ndiyo maana ni ya watu, ni ghasia, watu wamechafuka roho, na magazeti yanaweza kuandika uproar hata kama hakuna aliyepaza sauti. Na hiyo "noise" yenyewe imetoka Kifaransa cha zamani, sisi tuliosoma kwa Kifaransa bado tunasema "chercher noise", yaani kumtafuta mtu ugomvi!

Sasa walimu wenzangu, nawaomba, tuanzie kwa Kiswahili. Tuko na mshindo, mlio, ngurumo, mvumo, zogo, kishindo, tumeyaacha yote tunasema makelele tu, sasa mtoto atatofautisha vipi kwa Kiingereza kitu ambacho hata kwa lugha ya mama yake hatumtofautishii?

Juzi mvua ilikuwa inakuja toka upande wa ziwa, mwanafunzi wangu mmoja akasikiliza kwanza, akasema "rumble". Vizuri sana. Kisha matone yakafika kwenye mabati, akanyamaza anatafuta neno. Nikamwambia achana na Kiingereza kwanza, unasikia nini?

Akasema, mwalimu, inarindima.