Mchekeshaji aliyeingia kwenye kashfa: arudi jukwaani kwa mlango upi?

Unguja na Pemba kwa pamoja zina watu kama milioni 2 hivi. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Katika visiwa hivi msanii aliyefedheheka hana pa kuhamia. Habari yake ikitoka asubuhi, kabla ya adhuhuri iko sokoni Darajani na barazani Jaws Corner, na boti inaishusha Pemba. Wiki hiyohiyo atakutana na aliyemkosea, au kaka wa aliyemkosea, kwenye maziko, na watapeana mikono mbele za watu. Kwa hiyo suali la kama mchekeshaji arudi kazini au asirudi, na kwa utaratibu gani, haliwezi kujibiwa kwa kuigiza yanayofanyika kwenye miji ambayo mtu anaweza kupotelea ndani yake.

Wanaotaka arudi wana hoja nzito. Toba haikufungwa kwa mtu yeyote, na kumsitiri mwenzako ni jambo lililohimizwa. Pia fundi seremala akifanya kosa hanyang'anywi randa yake. Kwa nini mchekeshaji anyang'anywe ulimi? Na nyuma yake kuna watu: mpiga kamera, mhariri, waigizaji wenzake, mama mwenye nyumba anayoikodi kwa kurikodia. Kikundi cha watu watano kikisimama, ni nyumba tano zinazokosa chakula kwa kosa la mmoja.

Wanaokataa nao hawasemi kwa chuki. Wanasema jukwaa si haki, ni heshima ambayo watu humpa mtu kwa hiari yao, na wanaweza kuichukua. Wanasema toba ina masharti: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kosa likimgusa mja, kumrudishia haki yake. Wanauliza aliyedhulumiwa amerudishiwa nini hata mdhulumu awe tayari ana tangazo jipya ukutani. Hoja hii huwa inapuuzwa kwa sababu aliyedhulumiwa hana kipaza sauti, na mimi naiona ndiyo yenye uzito zaidi kuliko zote.

Pande hizi mbili hupishana bila ya kukutana kwa sababu "kashfa" ni kapu moja lililojaa vitu tofauti. Mtu aliyevujishiwa picha za faragha na mpenzi waliyeachana hakumkosea mtazamaji. Yeye mwenyewe ndiye aliyekosewa, na anayezisambaza ndiye wa kushitakiwa. Huyo hana haja ya kuomba radhi kwa umma, wala asilazimishwe. Aliyekula arubuni, yaani malipo ya kutangulia, za harusi tatu akazima simu ni mdaiwa, na deni hulipika. Aliyetania ulemavu wa mtu, au akaigiza lafudhi ya Wapemba mpaka ikawa matusi, amekosea ndani ya kazi yake, na dawa yake imo ndani ya kazi hiyohiyo. Aliyetuhumiwa udhalilishaji wa kijinsia ni jambo jengine kabisa. Hapo kuna Polisi, kuna Mkurugenzi wa Mashitaka, na tangu 2021 kuna mahakama maalumu ya makosa hayo hapa Zanzibar.

Tukae kwenye hilo la mwisho kidogo, maana ndipo mila yetu na sheria zinapogongana. Kwa kawaida mtu akikosea, wazee wake hutuma watu, pengine wakampitia sheha, wakaenda nyumbani kwa waliokosewa kuomba radhi. Kwenye deni au matusi ni jambo jema. Kwenye shauri la udhalilishaji ni balaa. Ujumbe wa wazee saba ukiingia kwenye chumba cha mama mwenye binti aliyedhalilishwa, ule si msamaha tena, ni shinikizo, na kesi nyingi za namna hii hufa kwa sababu mashahidi huacha kwenda mahakamani baada ya mambo "kumalizwa kifamilia". Mchekeshaji mwenye shauri la aina hiyo asende, asitume mtu, asirikodi chochote. Anayemshauri aombe radhi mtandaoni wakati upelelezi unaendelea anamharibia yeye na anamuumiza aliyelalamika. Kurudi jukwaani kusijadiliwe mpaka shauri limalizike. Akiachiwa huru kwa hukumu, ana haki ya kurudi bila ya kuburuzwa; akitiwa hatiani, hata akimaliza kifungo, kwenye maonesho ya watoto asipandishwe tena. Hapo sioni pande mbili.

Kwa waliobaki, radhi ndiyo hatua ya kwanza, na wachekeshaji huiharibu zaidi kuliko wasanii wengine. Uso wao umezoewa kuchekwa. Novemba 2006 mchekeshaji wa Marekani Michael Richards aliwatukana watazamaji Weusi kwa maneno ya kibaguzi kwenye klabu ya Laugh Factory, Los Angeles. Siku tatu baadaye aliomba radhi kwa njia ya satelaiti kwenye kipindi cha usiku cha David Letterman, na watazamaji waliokuwamo studio wakaanza kucheka, mpaka rafiki yake Jerry Seinfeld, aliyekuwa amekaa pale, akawaambia waache, si jambo la kuchekesha. Kosa lilikuwa mahali: watazamaji walikwenda kwenye kipindi cha vichekesho wakachanganyikiwa. Kwa hapa kwetu funzo ni la vitendo. Radhi isirikodiwe na mtu yuleyule anayepiga skiti, kwenye ukuta uleule, kwa kanzu na kofia za yule mhusika anayemuigiza. Isiwekwe muziki. Isizidi dakika moja.

Na maneno yake yawe na mwili. "Kama kuna yeyote nimemkwaza naomba radhi, sote ni binaadamu" ni sentensi isiyokubali kosa lolote na inayowagawia wengine fungu lake. Linganisha na hii: "Kwenye onesho la Jumamosi nilimtania mtu kwa ulemavu wake. Nimekosa. Nimekwenda kwao nimemuomba radhi yeye na wazee wake. Klipu ile nimeitoa, na nilicholipwa usiku ule nimekirudisha. Wenye nakala naomba wasiisambaze." Imetaja kosa, imetaja kilichofanyika, na jina la aliyekosewa halimo. Kilio hakina faida. Wala asishike msahafu mbele ya kamera. Watu hapa huona anajikinga nao, na wana haki ya kuona hivyo.

Saa za mwanzo huwa kuna pupa ya kufuta video zote, nayo huleta hasara mbili. Ikiwa kuna malalamiko Polisi, kufuta huonekana kama kuficha ushahidi. Bora video iwekwe kwenye hali ya faragha na faili lake lihifadhiwe kwenye diski. Na kwenye YouTube, onyo la ukiukaji wa kanuni haliondoki kwa kufuta video. Kwa kawaida kosa la mwanzo huletewa tahadhari tu isiyo na adhabu. Baada ya hapo, onyo la kwanza huzuia kupakia kwa wiki moja, la pili ndani ya siku 90 huzuia kwa wiki mbili, la tatu ndani ya siku hizohizo 90 huondoa chaneli nzima, na aliyeondolewa kwa kawaida haruhusiwi kufungua nyengine. Kwa hiyo kikundi chenye onyo moja kinyamaze mpaka siku 90 zipite. Kuhusu nakala zilizopakiwa na watu wengine, mwenye video anaweza kudai ziondolewe kwa haki yake ya hakimiliki, hata kama ya kwake haiko hadharani.

Kwenye fedha ndiko msimamo wa mtu unakoonekana, kwa hiyo aandike daftari la madeni kabla ya kuandika kichekesho kimoja. Kwanza zirudi arubuni za harusi. Arubuni ya shilingi 200,000 inaonekana ndogo, lakini harusi moja ina shangazi, makungwi na majirani, na kila mmoja ataisimulia kwenye harusi nyengine tano. Kisha wadhamini: mkataba ukiwa na kipengele cha mwenendo, asisubiri kuandikiwa, aandike yeye aombe kuuvunja kwa amani. Halafu wenzake. Chaneli nyingi za vikundi zimesajiliwa kwa jina na akaunti ya kiongozi mmoja, na malipo ya YouTube hayatoki mpaka yafike dola 100, hivyo kiongozi akizuiwa, pesa za wote hukwama. Kikundi kiongeze msimamizi wa pili wa chaneli, na kikae na mkataba wa mgao hata kama ni ukurasa mmoja. Wenzake wakitaka kuendelea bila yake, awaachie. Ugomvi mkubwa hapo huwa ni wa yule mhusika maarufu: nani mwenye jina, kilemba na sauti yake? Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ni ya 2003, na COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ipo kwa ajili hiyo. Aliyesajili miswada yake mapema hupumua, ambaye hakusajili huishia kugombana barazani.

Sasa jukwaa. Mfano unaotajwa sana na pande zote mbili ni wa mchekeshaji wa Marekani, Louis C.K. Novemba 2017 gazeti la New York Times lilichapisha madai ya wanawake watano juu ya vitendo vyake vichafu mbele yao, na siku iliyofuata yeye mwenyewe akakiri kuwa ni kweli. Agosti 2018, miezi tisa tu, alipanda kwenye klabu ya Comedy Cellar, New York, bila ya kutangazwa. Mwaka 2022 akapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya vichekesho. Wanaotetea kurudi husema: mmeona, kazi nzuri haizikwi. Wanaopinga husema: mmeona, hakupoteza kitu. Mimi naona jambo dogo la usiku ule lina faida zaidi kwetu kuliko tuzo. Waliokaa ukumbini hawakuchagua kumuona. Klabu ile baadaye iliandika kwenye tiketi kwamba huenda akapanda mtu ambaye hakutangazwa, na asiyependa anaweza kuondoka kimya kimya na hatadaiwa alichokula.

Utaratibu huo unafaa kuchukuliwa na kuboreshwa. Jina lake liandikwe kwenye tangazo, kwa herufi za kawaida, asiwe wa kushitukiza wala wa mwisho. Kiingilio kikiwa 5,000 na ukumbi wa watu mia, mwandaaji aweke pembeni 100,000 ya kuwarudishia watu ishirini watakaotaka kutoka kabla hajapanda. Ikiwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni lilimfungia, barua ya kumfungulia iwe mkononi kabla ya tangazo kuchapishwa; ahadi ya simu haitoshi, na ukumbi ukifungwa usiku wa onesho hasara ni ya mwandaaji.

Kalenda nayo inadanganya. Ramadhani hakuna maonesho, na aliyeharibikiwa mwezi wa Shaabani huona Idi ndiyo pa kuanzia, maana viwanja vya sikukuu, Kariakoo hapa mjini na Tibirinzi kule Chake Chake, hujaa kwa siku nne na pesa ipo. Asiende. Wanaojaa pale ni watoto wenye vishilingi vyao vya sikukuu, hawakuchagua wala hawajui kilichotokea, na mzazi akimkuta jukwaani bila ya kutarajia hasira yake itakuwa ya haki. Asubiri Idi ipite, aanze na ukumbi wa watu wazima walionunua tiketi wakijua.

Dakika saba zinatosha usiku wa kwanza. Jambo lile alitaje ndani ya nusu dakika ya mwanzo kwa sentensi moja, kisha aendelee na kazi. Akilikwepa, ukumbi mzima utakuwa unanong'ona mpaka dakika ya tatu na vichekesho vitapita hewani. Simu ya kurikodi iwekwe safu ya nyuma, si jukwaani, kwa sababu kesho yake ni lazima asikilize tofauti ya kicheko na makofi. Mchekeshaji aliyekomaa hulenga vicheko vinne mpaka sita kwa dakika. Anayerudi kutoka kwenye fedheha hupata makofi mengi na vicheko viwili, akafurahi, na hapo ndipo anapopotea: makofi yale ni huruma, na huruma hudumu maonesho mawili matatu. Baada ya hapo anakuwa mtu wa mawaidha asiyekuwa sheikh, na watu wanaotaka mawaidha wana misikiti.

Je, aifanyie kashfa yake vichekesho? Wapo wanaosema ndiyo njia pekee ya kuitoa sumu. Wapo wanaosema ni kuuza maumivu ya mwengine mara ya pili. Mpaka wangu uko hapa: ujinga wake mwenyewe ni wake, anaweza kuucheka mpaka achoke. Simu zilizokatika, rafiki aliyebadilisha njia alipomuona Michenzani, yeye kuogopa kuingia dukani. Yote hayo ni mali yake. Aliyekosewa, nyumba yake, sura yake na alichosema si mali yake, hata kama amesamehewa, hata kama amelipa. Huyo aliyekosewa hawezi kupewa mamlaka ya kumzuia mtu asile. Lakini hadithi yake asiulizwe kama itumike, maana atakubali kwa haya na kulia usiku.

Na aliyetania Wapemba aende Pemba mwenyewe, kwa onesho dogo Wete au Chake, kabla hajajaza ukumbi Unguja. Wamcheke wao kwanza, au wasimcheke.