Kabla ya kunitumia paybill ya India, nitumie ripoti ya jeni

Kila baada ya muda naongezwa kwa grupu mpya ya WhatsApp, jina ni "Matibabu ya" fulani, kuna paybill, kuna picha ya mgonjwa akiwa na suti siku ya harusi ya mtu, na lengo ni milioni mbili au tatu za kwenda India. Sisi wa dayaspora ndio tunatarajiwa kufungua mchango. Na hutuma, siringi, lakini siku hizi ikiwa ni kansa ya mapafu nauliza kitu kimoja kwanza: uvimbe umepimwa jeni? Hapo grupu inanyamaza, halafu mtu anaandika Amina.

Nakaa Lowell, Massachusetts, Wakenya tumejaa huku ingawa Wakambodia wametushinda kwa wingi. Jirani yangu ni nyanya Mkambodia, hajawahi kuvuta sigara maishani, na alipatikana na kansa ya mapafu ikiwa imeshafika kwa mifupa. Mimi kwa akili ya Nairobi nikajua huyo basi. Wapi! Anameza tembe moja ya osimertinib kila siku na bado ananipigia kelele nikipaki vibaya. Si ati Marekani kuna miujiza. Ni vile kabla hajaanzishiwa dawa yoyote kipande cha uvimbe kilipelekwa maabara, kikapatikana na mabadiliko kwa jeni inaitwa EGFR. Hayo mambo yalijulikana 2004, watafiti wa hapa Boston, wa hospitali za Dana-Farber na Massachusetts General, walikuwa wanashangaa mbona dawa ya gefitinib inawapa wagonjwa wachache nafuu ya ajabu na wengine haiwafanyii kitu, kumbe wale wachache ndio uvimbe wao uko na hayo mabadiliko, na mara nyingi ni watu wasiovuta sigara, wanawake, watu wa Asia. Baadaye ikaja dawa ya wenye mabadiliko kwa jeni nyingine, ALK: crizotinib ikaidhinishwa 2011, na sasa kuna lorlatinib ambayo kwenye utafiti wake asilimia 60 ya wagonjwa walimaliza miaka mitano ugonjwa haujasonga mbele. Na hiyo ni kansa iliyosambaa jamani. Lakini ni kama uvimbe wako uko na hayo mabadiliko. Kama hauna, hiyo tembe unameza bure.

Sasa twende Nairobi. Anko wangu, ndugu ya mama, alikuwa makanika Grogan miaka mingi, sigara hata haonji. Kikohozi kilipokataa kuisha wakamwanzishia dawa za TB. Kipimo cha makohozi kilisema hakuna TB, lakini picha ya kifua ilikuwa na doa, na kwetu doa kwa mapafu ni TB mpaka ithibitishwe vingine, kwa hivyo akameza zile dawa mkojo ukawa rangi ya Fanta, uzito unashuka, suruali inafungwa na kamba, na kila akirudi kliniki anaambiwa mzee maliza dozi. Simlaumu sana aliyemwandikia, TB kweli ni nyingi Nairobi na kansa ya mapafu anaiona mara moja moja. Lakini ile miezi ilienda. Biopsi, yaani kukatwa kipande cha uvimbe kipimwe, ilipokuja kufanywa ilikuwa kansa ya stage four, imeshasambaa.

Hapo familia ikagawanyika. Binamu yangu alikuwa ashapata mnunuzi wa shamba la Machakos ili mzee apelekwe India. Nikamwambia sampuli ipimwe kwanza EGFR, ALK na PD-L1, hii ya mwisho ni protini ya kuonyesha kama dawa za kuamsha kinga zinaweza kusaidia, ikabidi itumwe nje ya nchi na tulipe mfukoni. Akaniuliza, "Sasa dada, hiyo pesa yote ni ya kusoma tu? Haina hata dawa ndani?"

Swali la haki kabisa, na ndio shida yenyewe. Sisi tunalipia kitu mgonjwa anaweza kumeza, kuwekewa kwa mshipa ama kupanda ndege. Karatasi tunaona ni wizi. Lakini chukua Keytruda, ile ya kuamsha kinga ya mwili, kila mtu ashasikia mtu wa kanisa fulani alisaidika nayo. Kwenye utafiti wa wagonjwa ambao PD-L1 yao ni asilimia 50 kwenda juu, baada ya miaka mitano kama 32 kwa 100 walikuwa hai, wale walioanza na kemo ni kama 16. Tofauti kubwa. Ila mtu mwenye mabadiliko ya EGFR kwa kawaida haimsaidii sana, na ukiuza ploti ununue hiyo bila kupima umeuza ploti ukibahatisha.

Na haya majaribio ya dawa mpya. Nyumbani ukitaja tu unaambiwa wanataka kumfanya mzee panya. Huku watu wanasumbua daktari waingizwe. Naona pande zote mbili zinazidisha, kwa sababu majaribio ya awamu ya kwanza hasa yanatafuta dozi ambayo mwili unaweza kubeba, na hata dawa ikishapita usifikiri ni tiba. Jeni ya KRAS ilishinda wanasayansi miongo mingi, 2021 dawa yake, sotorasib, ikaidhinishwa, magazeti yakashangilia, lakini uvimbe ulipungua vya kutosha kwa zaidi kidogo ya thuluthi ya wagonjwa na nusu yao wote ugonjwa ulikuwa umesonga tena kwa kama miezi saba. Ni hatua, sikatai. Sio ile video unaniforwadia.

Halafu msidhani huku ni mbinguni. Bima inaweza kukalia ombi la daktari mpaka mgonjwa achoke, na Mmarekani akiugua naye anafanya harambee, tofauti ni kwamba yake inaitwa GoFundMe na haina chai. Nyanya jirani aliponea kwa sababu ana Medicare, bima ya serikali ya wazee, na mwaka 2025 kikomo cha kutoa mfukoni kwa dawa za duka kilikuwa dola 2,000 kwa mwaka.

Nairobi nayo si ile niliyoacha. PET skeni, ile ya kuonyesha kansa imefika wapi mwilini, iko Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, bima ya serikali ya SHA ilipoanza Oktoba 2024 iliweka shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka za kansa, na erlotinib, tembe nyingine ya wenye mabadiliko ya EGFR, WHO iliiweka kwa orodha ya dawa muhimu 2019. Gefitinib ya Wahindi ipo, haina brand kubwa. Kwa hivyo tembe ziko karibu kuliko tunavyodhani, ni kujua nani apewe ndio kumebaki nyuma, na ningekuwa na sikio la mkubwa yeyote pale Afya House, kwa Wizara ya Afya, hicho kipimo cha jeni ndicho ningeomba kilipiwe kabla ya mashine nyingine yoyote.

Majibu ya Anko yalirudi: mabadiliko ya EGFR hana, ya ALK hana, PD-L1 iko chini. Binamu akasema, "Si ulituambia tupime kwanza?" Lakini daktari wake akatuambia wazi, India hakuna tembe inamngoja, huko angepewa kemo ya carboplatin na pemetrexed, pengine na Keytruda juu, na hiyo kemo anaipata hapo hapo Nairobi akilala kwake Umoja. Shamba halikuuzwa. Pesa ya tiketi tuliyokuwa tushachanga ndiyo inalipa Bolt ya kwenda kemo na kurudi, na binamu ndiye anashika hesabu.