Mjomba Afunga Boti Teddington
Mjomba wangu ni mtu wa Tanga, amekulia majahazini, na mtu wa namna hiyo hafundishwi kamba. Tulipokodi boti pale Kingston tuteremke mto Thames hadi Richmond, alininyang'anya kamba kabla injini haijawaka. "Wewe shika watoto. Si mto tu huu?"

Njiani nikamweleza habari za Teddington. Chini ya hapo Thames hujaa na kupwa kama bahari. Juu yake maji yamezuiwa kwa ukuta. Boti haziuruki ukuta, hupita kwenye loki: chumba kirefu chenye milango mbele na nyuma. Unaingia, unafungiwa, maji yanatolewa mpaka ulingane na upande wa chini, ndipo mlango wa mbele unafunguliwa. Ya kwanza ilijengwa 1811. Siku hizi ziko tatu ubavu kwa ubavu. Kubwa, ya 1904, ina karibu mita 200, na ndogo kabisa, ya 1858, ni nyembamba hivi kwamba wameibandika jina la Jeneza.

"Mimi jenezani siingii," Mjomba akakata shauri.

Tukaingia ya kati. Mlinzi akasema kamba izungushwe tu kwenye nguzo, ncha ishikwe mkononi. Nikamtafsiria Mjomba. Akaguna, akapiga fundo, akaongeza la pili, akajimiminia chai. "Kamba huachwa ndefu pwani, maji yanapwa. Mto haupwi."

Maji yakaanza kupwa.

Bahari ya Tanga hupwa kwa saa sita, kwa adabu zake. Loki haina adabu hiyo. Tezi, nyuma ya boti, ikashuka; omo, mbele yake, ikabaki juu inaning'inia. Sufuria ya pilau ikateleza mpaka miguuni pa mke wangu. Watoto wakashangilia, wakidhani ndiyo burudani tuliyolipia. Mimi nimemkumbatia Mjomba, Mjomba kakumbatia birika, anapiga shahada. Mlinzi akafunga maji, akaanza kuturudishia taratibu, akitutazama kwa ule upole wa Kiingereza ambao heri mtu angekutukana.

Boti iliposimama sawa, akainama kulifungua fundo. Akavuta. Akatia ukucha. Akamwita mwenzake. Nje ya mlango foleni ya boti inazidi kurefuka. Mwishowe wakaleta kisu.

Mjomba akaokota kipande cha kamba, akakiinua juu watu wa foleni wakione.

"Boti nzima imening'inia na watu wake," akaniambia, "fundo halikulegea. Hebu muulize huyo kama kwao wanalo la hivi."