Dakika ya 77 pale Anfield: kiingilio, faida na sauti ya shabiki

Jumamosi ya tarehe 6 Februari 2016, Liverpool ilikuwa inaongoza kwa mabao 2–0 dhidi ya Sunderland katika uwanja wake wa Anfield. Roberto Firmino na Adam Lallana walikuwa wamefunga, na kocha Jürgen Klopp hakuwapo kwenye benchi kwa kuwa alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Ilipofika dakika ya 77, watu wanaokadiriwa kufikia 10,000 waliinuka vitini, wakaimba kwamba wamechoshwa na ulafi wa wenye klabu, kisha wakatoka nje. Miongoni mwao alikuwamo Jamie Carragher, beki ambaye hakuwahi kuichezea klabu nyingine ya ligi. Huku kwetu Afrika Mashariki ilikuwa yapata saa moja na nusu jioni, na sisi tuliokaa kwenye mabanda umiza tuliliona tukio lile moja kwa moja, ilhali Mwingereza aliyekuwa nyumbani kwake hakuliona, maana kule mechi za Jumamosi saa tisa alasiri haziruhusiwi kurushwa moja kwa moja kwenye televisheni za ndani ya nchi. Viti vyekundu vilianza kuonekana mahali palipokuwa na vichwa vya watu. Muda si mrefu Sunderland walirudisha bao moja, na dakika ya 89 Jermain Defoe akasawazisha.

Chanzo chake kilikuwa bei. Klabu ilikuwa inapanua Jukwaa Kuu kwa gharama ya zaidi ya pauni milioni 100, na siku chache kabla ya mechi hiyo ilitangaza viingilio vya msimu wa 2016/17, ambapo tiketi ya juu kabisa ya mechi moja ingetoka pauni 59 hadi pauni 77, yaani takriban shilingi 240,000 za Tanzania kwa thamani ya wakati ule, na tiketi ya juu ya msimu mzima ingevuka pauni 1,000. Ndiyo maana ikachaguliwa dakika ya 77. Siku nne baadaye wenye klabu, kampuni ya Fenway Sports Group ya Marekani, waliandika barua ya kuwaomba radhi mashabiki, wakaifuta tiketi ile, wakarudi kwenye kiwango cha juu cha pauni 59 na kuahidi kutopandisha bei kwa misimu miwili.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa mnyonge dhidi ya tajiri, na kwa sehemu kubwa nakubaliana na msimulizi. Hata hivyo, hoja za upande wa pili hazipaswi kupuuzwa kwa sababu tu zinatoka kwa watu wenye fedha. Katika mpango uleule uliozua mgomo zilikuwamo tiketi za pauni 9, na nyingi kati ya tiketi za msimu zingebaki kwa bei ya zamani au kupungua. Tiketi ya pauni 77 ilihusu viti vichache na mechi chache. Klabu ingeweza kusema, na ilijaribu kusema, kwamba inamtoza zaidi mwenye uwezo ili kumpunguzia asiye nao, jambo ambalo likifanywa na serikali katika kodi huwa tunalipigia makofi.

Hoja nzito zaidi ya klabu ni ile ya uhaba. Anfield hata baada ya upanuzi ule ilichukua watu wapatao 54,000, na orodha ya wanaosubiri tiketi za msimu ina majina ya makumi ya maelfu. Kitu kikiwa kichache na wanaokitaka wakiwa wengi, lazima kipatikane kigezo cha kuamua nani akipate. Kiingilio kikiwekwa chini mno, tofauti ya bei haibaki mfukoni mwa shabiki. Huishia kwa mlanguzi anayezinunua tiketi na kuziuza upya nje ya geti. Na bei ikiondolewa kabisa, anayepata ni yule aliyewahi kufika. Sisi tuliliona hilo Dar es Salaam mwezi Juni 2016, Yanga ilipotangaza kwamba mechi yake ya Kombe la Shirikisho dhidi ya TP Mazembe haina kiingilio: Uwanja wa Taifa, wenye viti 60,000, ulijaa saa nyingi kabla ya mpira kuanza, na wengi waliochelewa kufika wakaishia nje ya mageti. Foleni nayo ni malipo, ila hulipwa kwa muda badala ya fedha.

Kisha kuna suala la matumizi. Shabiki yuleyule anayelalamikia kiingilio mwezi Machi ndiye anayeulizia mshambuliaji mpya mwezi Julai. Kanuni za fedha za Ligi Kuu ya England zilizotumika kwa zaidi ya miaka kumi ziliziruhusu klabu kupata hasara isiyozidi pauni milioni 105 katika kipindi cha misimu mitatu, na fedha za mlangoni ni miongoni mwa mapato machache ambayo klabu inaweza kuyapangia kiwango yenyewe, kwa kuwa haki za matangazo huuzwa kwa pamoja na ligi. Manchester United ilitangaza hasara ya pauni milioni 113.2 kwa mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024. Sir Jim Ratcliffe, mmiliki mwenza, alipoulizwa kuhusu bei alijibu kwamba haileti mantiki tiketi ya United kuwa rahisi kuliko ya Fulham. Ukilitazama kwa jicho la mhasibu, jibu hilo lina ukweli wake.

Upande huu huongeza mfano wa Ujerumani, na ni haki kuutaja kwa sura zake zote mbili. Uli Hoeness, aliyekuwa rais wa Bayern Munich, aliwahi kueleza kwa nini klabu hiyo haipandishi bei ya tiketi zake za msimu ingawa ingeweza: fedha ambazo ingeongeza ni kidogo mno kwa klabu ya ukubwa ule, na mashabiki si ng'ombe wa kukamuliwa. Kauli hiyo hunukuliwa sana na waandamanaji wa England. Wasichokitaja ni kwamba Bayern hiyohiyo ilitwaa ubingwa wa Ujerumani mara 11 mfululizo, kuanzia 2013 hadi 2023, na kwamba klabu nyingi za nchi hiyo huwauza wachezaji wao bora kila mwaka, wengi wao wakielekea England ambako kuna fedha. Kiingilio cha chini hakikuleta mambo hayo peke yake, lakini haifai kudai kwamba hakina gharama.

Pamoja na uzito wote huo, naona hoja ya klabu ina tundu moja kubwa. Inamhesabu shabiki kama mnunuzi tu, kana kwamba anaingia uwanjani kama mtu anavyoingia dukani, akute bidhaa imeshakamilika, alipe na kuondoka. Mpira hauko hivyo. Anayekaa Kop, jukwaa la nyuma ya goli la Anfield linalosifika kwa kuimba, ni mnunuzi, na wakati huohuo ni sehemu ya kile kinachouzwa. Picha za skafu zilizoinuliwa na sauti ya jukwaa zima ni vitu ambavyo ligi huvipakia pamoja na mchezo na kuviuza duniani, vikaja hadi kwenye king'amuzi cha mwenye banda la Mbagala au Mathare, ambaye naye hututoza sisi kiingilio chake. Ushahidi wa thamani hiyo tuliupata kwa njia ya kusikitisha wakati wa ugonjwa wa korona. Ligi iliporejea tarehe 17 Juni 2020 majukwaa yakiwa matupu, watangazaji waliona haja ya kuweka kelele za kurekodiwa ili mechi isikike kama mechi. Liverpool yenyewe, iliyokuwa imecheza mechi 68 za ligi nyumbani bila kufungwa, ilipoteza mchezo dhidi ya Burnley mwezi Januari 2021 na kuendelea kupoteza hadi kufikisha vipigo sita mfululizo pale Anfield. Sitasema kwamba ukimya ulikuwa sababu pekee, kwa sababu mabeki wake wa kati, akiwamo Virgil van Dijk, walikuwa majeruhi. Ila aliyezitazama mechi zile, akisikia sauti za makocha zikirudi kutoka kwenye viti vitupu, anajua kuna kitu kilikosekana ambacho hakuna dirisha la usajili linalokiuza.

Mashabiki wenyewe wanalijua hilo, na ndiyo sababu silaha zao nzuri zimekuwa zile zinazogusa picha na sauti. Mwezi Januari 2013 klabu ya Manchester City ilirudisha zaidi ya tiketi 900 kati ya 3,000 ilizopewa kwa mechi ya ugenini dhidi ya Arsenal, kwa sababu bei ilikuwa pauni 62, na pengo likaonekana. Siku tatu baada ya mgomo wa Anfield, mashabiki wa Borussia Dortmund waliokwenda Stuttgart walirusha mipira ya tenisi uwanjani hadi mchezo ukasimama. Aprili 2024, Liverpool ilipotangaza nyongeza ya asilimia 2, vikundi vinavyopamba Kop viliacha bendera zao nyumbani usiku wa mechi ya Ulaya dhidi ya Atalanta, na jukwaa lile maarufu likaonekana kama jukwaa lolote. Nyongeza yenyewe ilikuwa ndogo na klabu ilikuwa na maelezo yake kuhusu kupanda kwa gharama za kuendesha uwanja, na kwa maoni yangu safari ile mashabiki walikuwa na hoja dhaifu kuliko ya 2016. Walichokionyesha kuhusu mapambo ya Kop kinabaki kweli vilevile.

Kuna pia deni la kihistoria ambalo mjadala wa uhaba na mahitaji hauligusi. Baada ya maafa ya msongamano katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield, ya tarehe 15 Aprili 1989, yaliyoua mashabiki 97 wa Liverpool, Jaji Taylor, aliyeongoza uchunguzi, alipendekeza viwanja vikubwa viwe vya kukaa tu, bila sehemu za kusimama. Katika ripoti yake ya Januari 1990 alisema wazi kwamba hilo lisiwe sababu ya kupandisha viingilio kupita kiasi, akatoa mfano wa uwanja wa Ibrox wa Glasgow, ambako kukaa kulikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4. Viti viliwekwa. Sehemu ile nyingine ya ushauri wake ikaachwa njiani, na Ligi Kuu ilipoanza mwaka 1992 bei zikaanza safari yake. Tiketi ya pauni 4, hata ukiiongezea mfumuko wa bei wa miaka 26, haikufikia pauni 10 mwaka 2016. Ongezeko lililobaki halielezeki kwa ugumu wa maisha wala kwa gharama za viti. Linaelezeka kwa kuwa anayependa klabu hawezi kuhamia ya jirani kwa sababu kule ni rahisi, na anayepanga bei anajua hawezi.

Kuhusu umuhimu wa fedha hizo, msimu wa 2022/23 mapato ya siku ya mechi yalikuwa takriban asilimia 14 ya mapato yote ya klabu za Ligi Kuu ya England. Kwa Arsenal au Manchester United asilimia hiyo huwa zaidi ya pauni milioni 100 kwa mwaka, wala sizidharau. Sehemu kubwa yake, hata hivyo, hutoka kwenye vyumba vya wageni wa makampuni na viti vya heshima, na hapo sina ugomvi na bei yoyote ambayo mlipaji ameiridhia. Nyongeza ninayoikataa ni ile ya kwenye viti vya kawaida nyuma ya magoli, ambako klabu hupata kidogo na hupoteza watu wanaoimba.

Kwamba inawezekana kufanya vingine, klabu zenyewe zilithibitisha. Mwezi Machi 2016, mwezi mmoja baada ya dakika ya 77, klabu zote 20 zilikubaliana kwamba tiketi ya shabiki wa timu ngeni isizidi pauni 30. Makubaliano yalikuwa ya misimu mitatu, yakaongezwa, na mpaka sasa yapo. Hakuna klabu iliyoanguka kwa sababu yake, na kona ya wageni ndiyo kwa kawaida yenye kelele nyingi kuliko zote katika viwanja vile.

Ndiyo maana uamuzi wa Manchester United wa mwishoni mwa Novemba 2024 uliniumiza zaidi kuliko ule wa Liverpool. Msimu ukiwa katikati, klabu ilitangaza kwamba tiketi za mechi zilizobaki kwa wanachama zingeuzwa pauni 66 kwa kila mtu, bila punguzo kwa watoto wala wazee. Awali mtu mzima aliweza kupata tiketi kwa pauni 40 na mtoto kwa pauni 25, kwa hiyo mzazi mwenye watoto wawili aliyekuwa akitoa pauni 90 alitakiwa sasa kutoa pauni 198, na alikuwa ameshalipia uanachama kabla ya kuambiwa. Tarehe 1 Desemba, kabla ya mechi na Everton, mashabiki waliandamana nje ya Old Trafford. Hasara ya pauni milioni 113 ni tatizo halisi, lakini halikuletwa na mtoto wa miaka 10, na hata angetozwa mara tatu asingelimaliza. Huyo ndiye atakayekuwa na umri wa miaka 40 akiimba, au akiwa amezoea kuitazama timu yake kwenye skrini kama tunavyoitazama sisi tulio umbali wa maelfu ya kilomita. Mwezi Machi 2025 klabu ilipotangaza bei za msimu uliofuata, tiketi za msimu zilipanda kwa asilimia 5, isipokuwa za walio chini ya miaka 16, ambazo ziliachwa zilivyokuwa.